Nyumba isiyokaliwa mtaani kwako: pa kuanzia, kwa wakazi wa Kigoma-Ujiji

Tangu nistaafu ubwana afya, watu wanaokuja barazani kwangu hapa Kitongoni huwa na shida za aina mbili. Ama wameandikiwa notisi ya choo, ama wamepakana na nyumba isiyokaliwa. Ya choo huwa naimaliza upesi: chimba. Ya nyumba ndiyo ndefu, na kwa kuwa naieleza upya kila mgeni anapokuja, nimeiandika hapa ili kila mwenye gofu ubavuni mwake asome mwenyewe kabla hajavaa viatu kwenda manispaa.

Watu wengi huanza kwa kusema, "Ile nyumba haina mwenyewe, serikali ichukue." Ukianza hivyo umejifungia mlango. Hapa Ujiji nimeingia kwenye magofu ambayo mpapai umeota sebuleni, na bado mwenyewe alikuwepo: yuko Bujumbura, yuko Dar es Salaam, yuko Muscat, au yuko kaburini na watoto wake hawasalimiani. Swali la kuanza nalo ni kwa nini imeachwa. Nyumba ya mirathi ina mlango wake, ya benki ina wake, pagala lina wake, na ile iliyofuatwa na maji ya ziwa haina hata haja ya kuandikiwa notisi ya ukarabati.

Kupata jina

Usianzie ofisini. Anzia kwa wazee na kwa balozi wa nyumba kumi, kisha tazama miti. Viwanja vingi vya Ujiji vina mwembe au mchikichi, na msimu wa maembe ukifika kuna mtu anakuja na gunia. Mtu huyo ana ruhusa ya mtu. Muulize kwa upole, "Shemeji, haya maembe unamvunia nani?" na mara nyingi jina litatoka kabla gunia halijajaa. Mikungu ya chikichi ni hivyo hivyo. Hakuna anayeikata kwenye nyumba ya watu miaka nenda miaka rudi bila kumpelekea mwenyewe walau chupa ya mawese.

Mtafute pia mpangaji wa mwisho. Mpangaji hasahau kodi alikuwa anampa nani.

Kama kiwanja kimepimwa, chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, uende ofisi ya ardhi ya mkoa uombe upekuzi. Ofisi hizi zilifunguliwa mikoani mwaka 2020, kwa hiyo kazi inaishia hapa hapa Kigoma. Upekuzi unakuonyesha hati imeandikwa jina la nani, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Lakini nyumba nyingi za Ujiji ya zamani nilizopitia hazikuwa na hati. Zilikuwa na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa, na mashahidi ambao nusu yao wameshazikwa. Kwa nyumba za namna hiyo, mwenye gunia la maembe ana habari kuliko daftari la ofisi yoyote.

Kwa nini nakupeleka kwa bwana afya kwanza

Mtasema mvutano wa kazi yangu ya zamani. Sawa, lakini sikilizeni sababu. Afisa ardhi akija, swali lake ni nani anamiliki, na swali hilo linaweza kukaa mezani miaka. Bwana afya swali lake ni kuna kero gani hapa inayoweza kuumiza watu. Hahitaji kumaliza ugomvi wa umiliki ndipo aanze kazi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kuingia, kukagua, na kutoa notisi ya kuondoa kero ndani ya muda anaoutaja. Notisi humwendea aliyesababisha kero; asipoonekana, humwendea mwenye nyumba au anayeikalia. Ikipuuzwa, shauri linakwenda mahakamani, na halmashauri inaweza kuondoa kero yenyewe kisha ikadai gharama.

Basi kazi yako kama jirani ni kumpa kero anayoweza kuiandika. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaandika "pori kubwa linaleta malaria". Pori halizalishi mbu. Mbu anazaliwa kwenye maji. Wa malaria anapenda dimbwi lililotuama lenye jua, kama lile linalobaki mtu alipochimba udongo wa matofali. Wa homa ya dengi anapenda kopo, tairi, pipa na tanki lisilo na mfuniko. Ukiandika "kichaka kinazaa mbu", afisa anayejua kazi yake atatabasamu na barua yako itakwenda chini ya nyingine. Andika "tanki la saruji limejaa maji ya mvua", naye ataona ana kitu cha kukagua, kwani mkoa wetu una historia: utafiti wa taifa wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta Kigoma ndiyo inaongoza nchini, karibu robo ya watoto wa chini ya miaka 5 waliopimwa wakiwa na vimelea.

Vitu vingine vinavyoandikika: shimo la choo lililotitia, kisima kisichofunikwa, taka ambazo mtaa mzima unamwaga pale (ndiyo, na ninyi mnamwaga, msijifanye), mizoga, maji machafu yanayopita kwenda kwa jirani, na nyasi zilizofunika njia hadi nyoka hawaonekani. Bangi na vibaka si kero za bwana afya. Hizo zipeleke kwa polisi kata na kwenye ulinzi shirikishi, kwa maelezo yake tofauti, usichanganye kwenye barua moja.

Barua yenyewe iwe fupi. Mfano ambao huwa nawapa watu wanakili ni huu:

Mtaa wa ..........,
Kata ya ..........,
KIGOMA-UJIJI.
Tarehe ..........

Mtendaji wa Mtaa,
Mtaa wa ..........

YAH: SHIMO LA CHOO LILILOTITIA NA TANKI LILILO WAZI KATIKA NYUMBA ISIYOKALIWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nyumba iliyo kati ya yangu na ya Bwana/Bibi .........., yenye mwembe mmoja mbele, haijakaliwa tangu mwezi .......... mwaka ........... Nyuma yake kuna shimo la choo lililotitia, upana wa hatua mbili hivi, halina kifuniko wala uzio, na watoto hupita hapo kwenda madrasa. Kuna pia tanki la saruji lisilo na mfuniko ambalo limejaa maji ya mvua.

Kwa tunavyofahamu majirani, nyumba ni ya familia ya ........... Anayeiangalia kwa sasa ni .........., simu ...........

Naomba afisa afya wa kata aje kukagua na kutoa notisi kwa wahusika. Iwapo hawatapatikana, tunaomba manispaa ifukie shimo hilo. Majirani tuko tayari kusaidia nguvu kazi.

Picha zimeambatanishwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(saini, jina na simu)

Nakala: Afisa Afya wa Kata, Mwenyekiti wa Mtaa.

Ile sentensi ya nguvu kazi usiifute. Mkurugenzi hana bajeti ya kufukia kila shimo la Ujiji, na barua inayokuja na majembe yake inasomwa kwa jicho jingine. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni hadithi tu. Siku ya kuulizwa utaambiwa haikufika.

Picha zipigwe mchana, moja ionyeshe shimo kwa karibu na nyingine ionyeshe shimo pamoja na kitu kisichohama, kama ukuta wa msikiti au nguzo ya umeme. Bila hiyo ya pili, shimo lako linaweza kuwa la Kasulu.

Muda uliotajwa kwenye notisi ukipita bila kitu, panda ngazi moja moja. Omba jambo liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mtaa na liandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari ule mtendaji ataupeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka hapo andika kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kupitia kwa Mtendaji wa Kata. Neno "kupitia" ni muhimu kuliko linavyoonekana: ukiruka ngazi, barua itarudishwa chini ikapate maoni, nawe utakuwa umemuudhi mtu ambaye ndiye atakayeandika hayo maoni.

Ukuta unaotaka kuanguka

Hili halisubiri barua ya taratibu. Nyumba za tope zilizochomolewa bati zinakaa wima kiangazi chote kama hazina neno, mvua za Novemba zikianza zinalala chini usiku mmoja. Ukuta wa jirani ukielekea kwako, nenda kwa mtendaji siku hiyo hiyo, omba mhandisi wa ujenzi wa manispaa aje. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, ya mwaka 1982, inaipa halmashauri nguvu juu ya majengo ya hatari, ikiwemo kuagiza yabomolewe. Wakati unasubiri, hamisha kitanda cha watoto kutoka chumba kinachopakana nao. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wanafukuzia muhuri huku watoto wamelala pale pale.

Usiubomoe mwenyewe, hata kama mtaa mzima unakuunga mkono. Mrithi ambaye hakuonekana miaka yote atashuka kwenye basi wiki inayofuata na kusema ulimvunjia nyumba nzima yenye samani. Na anayechomoa bati au fremu ya dirisha kwa kisingizio cha usalama ni mwizi, hakuna lugha nyingine.

Nyumba ya mirathi

Hapa ndipo penye magofu mengi ya Ujiji, na ndipo manispaa inapoweza kidogo sana. Baba amefariki, kila mtoto ana funguo yake au hakuna mwenye funguo, anayetaka kuuza anazuiliwa na anayetaka kukaa, na anayetaka kukaa hana pesa ya bati. Miaka inapita. Notisi ya bwana afya ikija, kila mmoja anamnyoshea mwenzake kidole.

Jirani huwezi kuwafungulia mirathi watu wa familia nyingine. Unachoweza ni kuwapa sababu ya kukaa kikao. Notisi yenye jina la marehemu baba yao, ikibandikwa mlangoni na picha yake ikatumwa kwenye kundi la simu la ukoo, imewahi kuzaa kikao ambacho mashehe na wachungaji walishindwa kukiitisha. Aibu ina kazi yake.

Kwa ninyi wenye nyumba ya namna hiyo, njia ni hii. Ukoo ukae, uandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, waliohudhuria wasaini. Msimamizi anakwenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari na cheti cha kifo, anafungua shauri, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akishateuliwa, kanuni za mahakama hiyo zinamtaka ndani ya miezi 4 apeleke orodha ya mali na hesabu ya jinsi alivyoigawa. Wengi wanadhani kuteuliwa ndiyo kumiliki. Msimamizi ni mtu wa kugawa, na asipogawa anaweza kuondolewa na mahakama ile ile iliyomteua.

Mkishindwana juu ya nani ana haki gani kwenye nyumba, Baraza la Kata ndilo la kuanzia, lakini tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linapatanisha tu, halihukumu tena. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msikae na jambo hili hadi wajukuu. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu hesabu inaanza siku aliyofariki.

Kuna hofu moja naisikia sana: "Tukimweka mtu aangalie nyumba, baada ya miaka 12 itakuwa yake." Mtu uliyemkaribisha anabaki mkaribishwa hata akikaa miaka 30, mahakama zetu zimesema hivyo tangu zamani. Hatari ni pale ambapo hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alikaribishwa. Andikeni nusu ukurasa: fulani anakaa kwa ruhusa ya familia, halipi kodi kwa sababu analinda na kufyeka, ataondoka akipewa taarifa ya mwezi mmoja. Asaini, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Nyumba yenye mlinzi wa namna hiyo haigeuki gofu, na jirani yako hatakuja barazani kwangu.

Nyumba ya benki

Siku hizi utaona kuta zimeandikwa kwa rangi kwamba nyumba inauzwa kwa mnada kwa sababu ya mkopo. Wenye nyumba wanahama usiku, mnada unaahirishwa, mwaka unaisha, na mlango umeshang'olewa. Mtaa unadhani nyumba sasa ni ya benki. Si hivyo. Benki ina haki ya kuuza ili irudishe deni lake. Umiliki unabaki kwa mkopaji hadi nyumba iuzwe na uhamisho usajiliwe. Kwa hiyo notisi ya kero iandikwe kwa mwenye hati, na nakala iende kwa meneja wa tawi la benki pamoja na kampuni ya udalali iliyoacha namba yake ukutani. Benki haipendi kusikia kwamba dhamana yake inachomolewa madirisha. Nimeona mlinzi akiletwa upesi kwa nakala ya namna hiyo kuliko kwa notisi yenyewe.

Nikiwa hapo hapo, niwaambie wakopaji mambo machache, maana wanaohama usiku mara nyingi wanahama mapema mno. Chini ya Sheria ya Ardhi, ukishindwa kulipa, benki lazima ikupe notisi ya maandishi na siku 60 kabla haijachukua hatua ya kuuza. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na benki ina wajibu wa kuhakikisha ridhaa hiyo ilikuwepo. Mama ambaye hakusaini chochote asikae kimya. Mnada wa ardhi hautafanyika mpaka zipite siku 14 za tangazo la hadhara, kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali mnada utakapofanyika. Sheria ya Madalali inataka tangazo hilo liwe kwa Kiswahili pia, na lisiwe la karatasi peke yake: litangazwe hata kwa ngoma, ili asiyejua kusoma asikie. Ni sheria ya zamani, lakini bado ipo. Na benki lazima itafute bei nzuri. Ikiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo.

Anayetaka kununua naye aje mtaani kwanza. Aangalie nani yumo ndani, aulize kwa mtendaji kama kuna shauri, afanye upekuzi. Kuna watu wamenunua kesi wakidhani wamenunua nyumba.

Pagala na kiwanja kitupu

Yule aliyejenga hadi kwenye lenta, pesa ikakata, akahamia Kahama. Kama kiwanja kina hati, hati ina masharti, na nyingi zinamtaka mmiliki aendeleze ndani ya miezi 36. Zaidi ya hapo, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja kutelekeza ardhi kwa muda usiopungua miaka 2 kuwa sababu ya kubatilisha milki. Dalili za kutelekeza zimeandikwa humo: kodi ya pango la ardhi kudaiwa miaka 2 mfululizo, jengo kuchakaa hadi kuwa hatari kwa waliomo au majirani, au mtu kuondoka nchini bila kuacha wa kuangalia.

Watu wakisikia hivyo macho yanawang'aa, wanaanza kugawana kiwanja cha mwenzao kwa macho. Tulieni. Anayebatilisha milki ni Rais peke yake. Si mwenyekiti wa mtaa, si mkurugenzi, wala si mkuu wa wilaya. Afisa ardhi anakagua, mmiliki anapewa notisi ya kujieleza, faili linakwenda kwa Kamishna wa Ardhi, na kote huko mmiliki ana nafasi ya kulipa deni na kuanza kujenga. Wengi wakiiona notisi wanapeleka mchanga lori moja na jambo linaanza upya. Na milki ikifutwa, kiwanja kinarudi mikononi mwa serikali, jirani aliyelalamika hana kipaumbele chochote.

Kwa hiyo barua ya pagala iende kwa Afisa Ardhi wa Manispaa, lakini iombe kitu kidogo: mwenye kiwanja aandikiwe kufyeka, kuziba milango na madirisha kwa matofali, na kufukia shimo la choo alilochimbia mafundi. Hilo linapatikana.

Kwenye ardhi ya kijiji, huko nje ya manispaa, hesabu ni nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka miaka 5 bila matumizi, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia. Shamba lililopumzishwa halihesabiwi kuwa limetelekezwa.

Mnaweza kuomba sheria ndogo

Diwani anayetafuta jambo la kusimamia, hili hapa. Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo: rasimu inatangazwa wananchi watoe maoni, baraza la madiwani linapitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaridhia, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Mji wa Chula Vista, jimbo la California huko Marekani, mwaka 2007 ulizilazimisha benki kusajili kwenye halmashauri ya mji kila nyumba ya mkopo iliyoachwa wazi, zimteue mtu wa karibu wa kuitunza, na jina na simu yake zibandikwe kwenye nyumba. Miji mingi ya huko iliiga. Sisi hatuna wimbi la nyumba za benki kama lao, na sitaki kuona Ujiji inaiga faini zao. Bibi mwenye gofu la urithi hana dola. Lakini lile la jina na simu mlangoni naling'ang'ania. Lingepunguza nusu ya kazi niliyoieleza hapa juu, ikiwemo ile ya kumvizia mwenye gunia la maembe.

Kibirizi, Katonga, na nyumba za reli

Nyumba zilizoachwa kwa sababu Ziwa Tanganyika limepanda si za kuandikiwa notisi. Mwenyewe hakutelekeza, alikimbia maji. Isitoshe Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo kumwagiza akarabati ni kumwagiza avunje sheria. Kinachotakiwa pale ni vyoo vilivyozama vitibiwe na kuta ziondolewe kabla hazijaangukia wanaoanika dagaa. Mpelekee barua afisa mazingira wa manispaa, na nakala Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapa hapa Kigoma.

Zile za reli na za mashirika, andika kwa shirika lenyewe kupitia manispaa. Zina mwenyewe anayejulikana, kwa hiyo hakuna haja ya upelelezi, ni uvumilivu tu.

Kwa mliosafiri

Mlioko mbali na nyumba zenu ziko Kitongoni, Buzebazeba au Kasingirima, fanyeni mawili tu kwa kuanzia: mtu mmoja awe na funguo na ile karatasi ya nusu ukurasa, na simu yenu iwe kwa mtendaji wa mtaa. Kodi ya pango la ardhi, kwa wenye hati, lipeni kila mwaka kwa kuomba kumbukumbu namba ya malipo, msisubiri riba. Na kodi ya majengo isiwashtue. Inakatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba isiponunuliwa umeme deni linajikusanya kimya kimya. Mkimpa mlinzi shilingi 10,000 anunue umeme baada ya mwaka mzima wa giza, atawapigia simu akisema mita imekula pesa yote na taa haijawaka. Hajawaibia. Mita inadai 18,000.